Daftari la Mvua: Namna ya Kutunza Takwimu za Kituo cha Hali ya Hewa Nyumbani



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wake (S.A.W.), tunawaletea wanafunzi wetu wa madarasa ya juu, pamoja na wazazi wetu wapenzi, somo la kuandika na kutunza takwimu za mvua, joto na upepo. Siku hizi vituo vidogo vya hali ya hewa vya kufunga nyumbani vimeenea, na baadhi ya familia zetu hapa Tanga zinavyo, ama zimetumiwa na ndugu walioko nje. Kufunga chombo juu ya paa ni kazi ya asubuhi moja. Kuandika kile kinachosomwa, mwaka baada ya mwaka, kwa namna ambayo mtu mwingine ataweza kukiamini, ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo tutakayoizungumzia.

Tena lipo jambo linalotuhusu sisi sote. Wazazi wanauliza kama ni lazima kuchangia tangi la pili la maji ya mvua kwa ajili ya kutawadhia. Swali hilo halijibiwi kwa kukisia. Linajibiwa kwa daftari.

Hesabu ya tangi

Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa lenye mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita moja hupokea lita 120. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa yale yanayomwagika kwenye mifereji na yanayokauka juu ya bati, zinabaki lita 96. Tangi la lita 10,000 likiwa tupu litajaa kwa mvua ya milimita 104 hivi.

Sasa tuseme wanafunzi 80 wanatumia lita 3 kila mmoja kwa siku. Hizo ni lita 240, na tangi lililojaa litadumu siku 41. Hapa watu wengi hukosea, maana huuliza: mwaka mzima tunapata mvua kiasi gani? Jumla ya mwaka haitusaidii sana. Mvua yote ya masika inaweza kuteremka kwa wingi na nusu yake ikafurika nje ya tangi. Swali lenye faida ni hili: tunaweza kukaa siku ngapi mfululizo bila ya mvua ya maana? Zikizidi 41 mara kwa mara, tangi la pili linahitajika. Zisipozidi, fedha za wazazi zitumike kwa jambo jingine. Na jibu la swali hili linaharibika kwa siku moja tu iliyoandikwa vibaya, kama tutakavyoona.

Jambo hili si geni katika historia ya Waislamu. Katika kisiwa cha Rawdha, mjini Cairo, upo mnara wa kupimia maji ya Mto Nile, uitwao mikyasi, uliojengwa mwaka 861 wakati wa Khalifa al-Mutawakkil. Ni nguzo ya mawe yenye alama za dhiraa, imesimama ndani ya kisima kilichounganishwa na mto. Kodi ya mashamba ilitegemea kiwango cha maji, kwa hiyo vipimo viliandikwa. Wanahistoria wa Misri, akiwemo Ibn Taghribirdi wa karne ya 15, wamevihifadhi mwaka kwa mwaka. Katika karne ya 20, mtaalamu wa maji Mwingereza Harold Edwin Hurst, aliyefanya kazi Misri kwa miaka mingi, alivitumia vipimo hivyo akitafuta bwawa la Nile liwe kubwa kiasi gani. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1951 alionyesha kwamba miaka ya maji machache huwa na tabia ya kufuatana, na vivyo hivyo miaka ya maji mengi. Swali lake lilikuwa hili hili la tangi letu, ila tangi lake lilikuwa la nchi nzima.

Vyombo, kwa ufupi

Kituo cha nyumbani huwa na sehemu mbili. Nje kuna vihisio vya joto, unyevu, upepo na mvua. Ndani kuna kisanduku chenye kioo kinachopokea habari za vihisio kwa mawimbi ya redio, na barometa kwa kawaida imo humo ndani. Kihisio cha joto kiwe ndani ya kikinga jua cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, kiasi cha mita moja na robo hadi mbili kutoka chini, mbali na ukuta na bati. Kipimajoto kilichofungwa juu ya bati la Tanga saa saba mchana kinapima bati, hakipimi hewa.

Kipimamvua cha kituo kina kijiko cha pande mbili kama mizani. Upande mmoja ukijaa unapinduka, na kila mpinduko unahesabiwa, mara nyingi kuwa milimita 0.2. Mvua ikiwa kubwa mno kijiko hakiwahi na maji mengine hupotea. Ndiyo maana tunashauri kuweka pembeni kipimamvua cha kawaida cha kusoma kwa macho. Si ghali, na ndicho kitakachokuwa shahidi wa kile cha umeme.

Saa na tarehe

Hapa tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi ya daftari huanzia hapa.

Sisi Waswahili husema saa tatu asubuhi, na kioo cha chombo kinasema 09:00. Mwanafunzi akiandika "3" na mwenzake akaandika "9", wote wamesema kweli, na faili limeharibika. Kanuni yetu iwe moja: katika mazungumzo tuseme saa tatu, katika daftari tuandike 09:00 kwa mtindo wa saa 24. Saa tatu usiku itaandikwa 21:00. Hakuna kuchanganya.

Pili, vyombo vingi vinavyotoka Ulaya na Marekani vimewekwa vibadilishe saa vyenyewe mara mbili kwa mwaka, kufuata majira ya huko. Afrika Mashariki hatubadilishi saa. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia mwaka mzima. Ingia kwenye mipangilio ya chombo uizime hiyo kazi, la sivyo siku moja ya Machi kumbukumbu zako zitaruka saa nzima bila ya wewe kujua.

Tatu ni tarehe. Ukiandika 04/05/2024, mmoja atasoma tarehe 4 Mei, na mwingine aliyezoea mtindo wa Marekani atasoma tarehe 5 Aprili. Andika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-05-04. Faida nyingine ni kwamba kompyuta ikipanga majina ya mafaili, yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku.

Mwanafunzi mmoja anaweza kuuliza: kwa nini tusitumie kalenda yetu ya Hijria? Tunaitumia katika ibada zetu, wala hatuiachi. Lakini mvua hufuata jua, nao mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa jua, hivyo miezi yake huzunguka majira yote. Ramadhani ya mwaka 2016 ilianza Juni, wakati wa kusi. Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza Machi, mlangoni mwa masika. Ukilinganisha mvua ya Ramadhani hizo mbili umelinganisha vitu viwili tofauti. Waislamu wa Misri walilijua hilo zamani. Mambo ya kilimo na mafuriko ya Nile waliendelea kuyahesabu kwa miezi ya Kikibti, inayofuata jua. Anayependa anaweza kuongeza safu ya tarehe ya Hijria pembeni, ila akumbuke kwamba siku ya Hijria huanza magharibi.

Na siku ya mvua nayo ina mwanzo wake. Wapimaji wa mvua wa Afrika Mashariki husoma kipimamvua saa 3 asubuhi, yaani 09:00, na maji yanayokutwa humo ni ya saa 24 zilizopita. Basi mvua iliyonyesha jana jioni inasomwa leo. Iandikwe kwa tarehe ya leo au ya jana? Kanuni zote mbili zipo duniani. Sisi tunaandika tarehe ya asubuhi ya kusoma, na tumeandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, ili atakayelirithi asipate tabu.

Sifuri si sawa na pengo

Tufikirie mwanafunzi aliyepewa zamu ya kusoma kipimamvua. Jumanne alikuwa anaumwa, hakwenda. Jumatano anafungua daftari, anaona nafasi tupu, anaona haya, anaandika 0. Anasema moyoni: kwani kuna madhara gani, jua lilikuwa linawaka.

Madhara yapo. Sifuri ni ushahidi. Maana yake ni: nilikwenda, nikatazama, nikakuta chombo kikavu. Nafasi tupu maana yake ni: hakuna aliyetazama. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa, na anayeandika la kwanza badala ya la pili ametoa ushahidi wa jambo ambalo hakuliona. Wanafunzi wetu wanajua hukumu ya hilo, hatuna haja ya kurefusha.

Tuliangalie kwa upande wa tangi. Tuseme siku 25 za ukame, kisha siku moja ya pengo ambayo kwa kweli ilinyesha milimita 40, kisha siku 20 nyingine za ukame. Milimita 40 ni lita 3,840, matumizi ya siku 16. Mwenye kuandika sifuri anatuonyesha ukame wa siku 46, na wazazi watachangishwa tangi lisilohitajika. Mwenye kuifuta kabisa safu ya siku ile, ili daftari lionekane safi, anaupunguza ukame kwa siku moja na bado ameificha mvua. Aliyeacha pengo na kuandika "haikusomwa" ametuachia njia ya kutafuta, maana kipimamvua cha kusoma kwa macho hakipotezi maji ya siku iliyorukwa. Yatakutwa yote kesho yake, pungufu ya yale machache yaliyokauka. Hapo andika jumla yote kwa tarehe uliyosoma na uongeze neno "jumla ya siku 2". Usiigawe nusu kwa nusu. Nani amekwambia ilinyesha sawasawa siku zote mbili?

Katika faili la kompyuta, pengo liachwe wazi au liandikwe neno moja lililokubaliwa. Wengine huandika tarakimu kama -999. Programu zinazoijua alama hiyo hazina shida, lakini siku utakapojumlisha kwa Excel ukasahau, utapata mwezi wenye mvua chini ya sifuri.

Tarakimu na sanadi yake

Wanaosoma Mustalah al-Hadith wanajua kwamba matini haitazamwi peke yake. Tunauliza: imepokewa kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, je alikuwa mwadilifu, je alikuwa na dhabti? Tarakimu ya mvua ni jambo dogo sana mbele ya hadithi, hatulinganishi daraja zake. Tunachoazima ni ile tabia ya kuuliza.

Kila kipimo kiwe na watu na vyombo nyuma yake: nani amesoma, saa ngapi, kwa chombo gani, chombo kiko wapi. Kwa hiyo mbali na faili la vipimo tunaweka daftari la pili, la habari za kituo. Humo tunaandika kimo cha kituo kutoka usawa wa bahari, tarehe ya kubadilisha betri, siku jirani alipojenga ghorofa upande wa kusi, siku mwembe ulipokatwa. Bila ya daftari hilo, baada ya miaka 10 mtu ataona upepo umepungua ghafla na atatunga nadharia nzima, kumbe ni ghorofa ya jirani. Hata huko Rawdha, tope la Nile liliinua sakafu ya mto karne baada ya karne, na anayevisoma vipimo vile leo bila ya kujua habari hiyo atafikiri maji yameongezeka.

Kutoka kwenye chombo hadi kwenye faili

Chombo kikirekodi kila baada ya dakika 5, kwa siku kinatoa mistari 288, na kwa mwaka wa siku 365 mistari 105,120. Msishtuke. Kila mstari ukiwa na herufi 100, mwaka mzima ni kiasi cha megabaiti 10 na nusu, na flashi ndogo kabisa itabeba miaka mingi.

Tatizo letu ni umeme. Visanduku vingine vinaonyesha tu na havitunzi kitu. Vingine vina kumbukumbu ya ndani: kwa mfano kihifadhi cha WeatherLink cha vituo vya Davis huchukua mistari 2,560. Ukirekodi kila dakika 5, nafasi hiyo inatosha siku 8 tu na mistari ya zamani huanza kufutwa. Ukirekodi kila dakika 30 inatosha siku 53. Asiye na kompyuta inayowaka muda wote achague dakika 30 na ahamishe vipimo kila mwisho wa mwezi. Mwenye uwezo anaweza kutumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na programu ya bure kama WeeWX, inayosoma aina nyingi za vituo na kuweka kila kitu kwenye hifadhidata. Kompyuta hiyo hula umeme kidogo, lakini kadi yake ya kumbukumbu huharibika kwa urahisi umeme ukikatika ghafla katikati ya kuandika. Iwekewe betri ya akiba.

Vyovyote vile, kila mwezi toa nakala katika faili la CSV, ambalo ni maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato. Programu za leo zitakufa kama zilivyokufa za jana, ila maandishi matupu yatasomeka. Angalieni pia nukta ya desimali. Baadhi ya nchi za Ulaya huandika 12,5 kwa maana ya kumi na mbili na nusu, na tarakimu iliyoandikwa kwa mtindo huo ikiingia kwenye faili lililotengwa kwa mikato itagawanywa vipande viwili.

Faili lililotoka kwenye chombo lisiguswe. Hilo ndilo asili. Unapotaka kusahihisha, nakili, sahihisha kwenye nakala, na uongeze safu inayosema umebadilisha nini na kwa sababu gani. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba. Kompyuta na flashi yake zikikaa droo moja, mwizi au maji ya mafuriko atavichukua pamoja.

Kukagua

Kipimo cha kwanza ni akili. Kwa pwani yetu, nyuzi joto 45 au nyuzi 5 ni habari ya kifaa, si habari ya hewa. Joto likibaki 27.3 bila kutikisika tangu asubuhi hadi usiku, kihisio kimekwama au betri imekwisha. Mvua ya milimita 6 katika dakika 5 huku jua kali na unyevu haukupanda: muulize aliyesafisha kipimamvua. Na mwezi mzima wa masika bila ya mvua wakati majirani wamelowa, panda ukaangalie, utakuta majani, utando wa buibui au kiota cha wadudu kwenye mdomo wa kipimamvua.

Barometa ina siri yake nzuri. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kanieneo ya hewa hupanda na kushuka mara mbili kila siku kama bahari inavyojaa na kupwa. Hufika juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na hushuka karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kwa tofauti ya hektopaskali kama 3. Chora vipimo vya siku tulivu. Ukiona mawimbi hayo mawili yapo lakini yamesogea kwa saa moja, tatizo si barometa, ni saa ya chombo chako.

Kipimamvua kinapimwa hivi. Mdomo wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 314. Mimina mililita 314 za maji polepole, kwa muda wa nusu saa au zaidi, na chombo kisome milimita 10, yaani mipinduko 50 ya milimita 0.2. Kisha andika kwenye daftari la kituo kwamba mvua ile ilikuwa yako.

Katika kujumlisha tahadhari ni chache. Mvua hujumlishwa, joto hutafutiwa wastani. Mwelekeo wa upepo hauna wastani wa kawaida: upepo wa digrii 350 na upepo wa digrii 10 zote ni za kaskazini, lakini ukijumlisha na kugawa kwa mbili unapata 180, yaani kusini kabisa. Hesabu badala yake ni mara ngapi upepo umetoka kila upande, na chati itakuonyesha yenyewe kusi inapoishia na kaskazi inapoingia. Na mwezi uliopungukiwa siku uandikwe na idadi yake: "milimita 148, siku 26 kati ya 30".

Ikumbukwe pia kwamba kituo cha nyumbani kinasema yaliyotokea nyumbani. Tahadhari ya mvua kubwa au upepo mkali baharini isikilizwe kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Zoezi

Hivi ni vipimo vya mfano vya siku saba, vilivyosomwa 09:00, kwa milimita. Siku ya 1: 12.4. Siku ya 2: 0.0. Siku ya 3: haikusomwa. Siku ya 4: 31.0, jumla ya siku 2. Siku ya 5: 0.0. Siku ya 6: 0.6. Siku ya 7: 104.

(a) Bila ya siku ya 7, paa letu la mita za mraba 120 limeingiza lita ngapi kwenye tangi?

(b) Je, tunaweza kusema kwa uhakika ni siku ngapi kati ya hizo zilikuwa na mvua? Eleza.

(c) Mwenzako anasema siku ya 7 ni 10.4 iliyosahauliwa nukta, na anataka kuibadilisha. Asubuhi ile tangi, ambalo jana yake lilikuwa na lita 3,000, limekutwa na lita 3,900, na halikutumika usiku. Utaandika nini kwenye faili la asili, nini kwenye nakala, na nini kwenye safu ya maelezo?

Majibu yaandikwe kwenye daftari la mazoezi, kila jibu na hesabu yake, yaletwe Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua madrasa.